Kila Kitambaa Kina Watu Wake

Hotuba kwa wahitimu wa ushonaji, Kirumba, Mwanza. Wengi hamkuweza kufika, wengine mlikuwa safarini na wengine mlikuwa na oda za harusi mezani, mkaomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, nimezieleza kwa maneno.

Mwangaluka!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, walimu wenzangu, mafundi mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii, na ninyi wahitimu mlioingia humu mkiwa mmevaa nguo mlizokata na kushona wenyewe: hongereni sana.

Habari za mikopo na masoko zitasemwa na wenzangu wanaonifuata. Mimi nimeomba ruhusa nimzungumzie mwanamke mmoja. Ni msanii, ni mzaliwa wa Unguja, na ninaamini kila mtu anayekaa mbele ya cherehani katika nchi hii anapaswa kumjua.

Anaitwa Lubaina Himid. Alizaliwa mwaka 1954. Baba yake, mtu mwenye asili ya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza, akarudi naye kwao. Mama huyo kazi yake ilikuwa kubuni michoro ya vitambaa, kwa hiyo mtoto akakua anaona rangi, mistari na maua yakizaliwa mezani. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, Lubaina Himid alipewa Tuzo ya Turner, moja ya tuzo kubwa kabisa za sanaa nchini Uingereza. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Kwa miaka mingi ameishi Preston, mji uliokuwa wa viwanda vya pamba huko Lancashire, Uingereza. Lishikeni jina hilo, Lancashire, maana tutakutana nalo tena.

Kuna swali moja ambalo mwanamke huyu analiuliza kwa rangi, kwa mbao na kwa vitambaa tangu ujana wake. Anauliza: nani? Nani alilima pamba hii? Nani aliisokota? Nani alilipwa, na nani hakulipwa? Na jina lake liko wapi?

Ndugu zangu, swali hilo ni letu sisi watu wa ziwa kuliko tunavyofikiri.

Sote tumesoma shuleni kwamba tarehe 3 Agosti 1858 John Speke alifika hapa kwetu, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wavuvi wa Ukerewe walikuwa wakilivua na kulivuka vizazi na vizazi, lakini jina lililoingia kwenye ramani ni la malkia. Hilo mnalijua. Ninachotaka kuuliza ni hiki: siku ile, Speke alikuwa na nani?

Pamoja na wengine, alikuwa na mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Akiwa kijana mdogo alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa akauzwa. Aliuzwa kwa nini? Hakuuzwa kwa dhahabu wala kwa fedha. Aliuzwa kwa vitambaa. Nasema tena, wahitimu, kwa sababu ninyi ni watu wa vitambaa: mtu kamili, mwenye mama yake na kijiji chake, alibadilishwa kwa vitambaa. Akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi, na bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Afrika. Akatembea na Speke, baadaye na Stanley, kisha na Cameron aliyekatiza bara kutoka bahari hadi bahari. Jumuiya ya wanajiografia ya London ikampa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Huyu ni mmoja wa wasafiri wakubwa kabisa waliowahi kukanyaga udongo wa Mwanza. Na jina alilopewa na mama yake halimo katika vitabu vya wale aliowaongoza. Tulilonalo ni la mji wa India.

Na mizigo ya misafara ile ilikuwa na nini ndani yake? Ushanga, waya, na vitambaa. Merikani na kaniki, majora kwa majora, yamebebwa kichwani na mabegani kutoka pwani. Kwa vitambaa msafara ulinunua chakula, kwa vitambaa ulilipa hongo kwa watemi, kwa vitambaa uliwalipa wapagazi. Kitambaa kilikuwa noti.

Sasa nirudi kwa Lubaina Himid. Mwaka 2004 alionyesha kazi yake iitwayo Naming the Money. Ni sanamu mia moja za mbao zilizokatwa kwa umbo la watu, kimo cha mtu mzima, zimepakwa rangi kali, zimesimama sakafuni huku na huku kama watu waliojaa sebuleni kwenye sherehe. Unapita katikati yao. Huyu anapiga ngoma. Huyu anatengeneza viatu. Huyu anafundisha mbwa wa tajiri. Yule anachora ramani, yule anajua dawa za mitishamba. Hao ni Waafrika waliofanywa watumwa na watumishi katika majumba ya kifalme ya Ulaya, wale unaowaona kwenye michoro ya zamani wamesimama pembeni na sinia mkononi, na maelezo ya mchoro yanamtaja bwana, yanamtaja bibi, hata mbwa anatajwa, wao hawatajwi.

Basi Himid amewapa sauti. Zunguka nyuma ya sanamu, utakuta maandishi mafupi mgongoni. Yanasema jina langu ni fulani, wao wananiita fulani. Nilikuwa nikifanya kazi hii, sasa nafanya ile. Halafu mstari wa mwisho, na huo ndio unaonigusa mimi: unasema ni kitu gani mtu huyu amebaki nacho. Ujuzi, wimbo, kumbukumbu ya mahali. Mia moja wote, kila mmoja na lake. Ni majina ya kubuni, hakuna daftari lililotunza ya kweli, na yeye hakukubali kwamba daftari likikosekana basi na mtu amekosekana.

Nawauliza akina mama mliomo humu: Mubarak Bombay akisimamishwa katikati ya sanamu zile, mgongoni mwake pangeandikwa nini?

Ile merikani niliyoitaja ilifumwa Massachusetts, kaskazini mwa Marekani, kwa pamba iliyochumwa na watumwa weusi wa kusini. Ikaja kwa meli hadi Unguja. Na Unguja walioivaa kwa wingi, hiyo na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, walikuwa watumwa. Mtumwa alichuma, mtumwa alivaa, na kati yao kulikuwa na bahari mbili na matajiri wengi, na hawakujuana. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa hawakutaka tena kuonekana na kaniki. Walitaka kanga, nguo yenye rangi, yenye pindo, yenye mji, nguo ya mwanamke huru anayejichagulia. Kwa hiyo mnapokata doti mkaipinda kwa ajili ya mteja, jueni mmeshika nguo iliyovaliwa kama tangazo la uhuru.

Himid ameichukua kanga hiyo akaifanya mchoro. Ana kazi nyingi alizozichora kwa mpangilio wa kanga kabisa: pindo pande zote, picha katikati, na chini yake jina. Wazungu wanaosimama mbele ya kazi hizo katika majumba ya makumbusho ya London wanaelezwa na kibao ukutani kwamba huko Afrika Mashariki nguo husema. Sisi hatuhitaji kibao. Mama akitoka na "Mdhaniaye ndiye siye" mtaa mzima unajua nani anaambiwa.

Twende Lancashire sasa.

Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe. Bandari za kusini zikafungwa, pamba ikakatika, na mashine za Lancashire zikanyamaza. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi wakakosa mshahara, watoto wakalala njaa. Na katikati ya njaa ile, Desemba 1862, wafanyakazi wa Manchester wakakutana na kumwandikia Rais Lincoln kwamba wanamuunga mkono dhidi ya utumwa. Lincoln akawajibu mwezi uliofuata. Himid ana kazi ya mwaka 2002 inayozaliwa na habari hiyo, iitwayo Cotton.com, michoro midogo midogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopangwa ukutani kama sampuli za kitambaa dukani. Ameyawaza ni mazungumzo kati ya wanawake wa viwandani Manchester na watumwa wa mashambani Marekani, watu walioshika pamba ileile, asubuhi wa kule na jioni wa huku, wakipelekeana habari kwa michoro kwa kuwa hawakuwahi kupewa nafasi ya kusemezana.

Naipenda kazi hiyo kuliko zote. Lakini, wapendwa, mazungumzo yale yana mtu wa tatu ambaye hajaingia. Mtu wa tatu ni sisi.

Kwa nini? Kwa sababu matajiri wa Lancashire walijifunza kwamba kutegemea Marekani ni hatari. Mwaka 1902 wakaunda chama cha kukuza kilimo cha pamba ndani ya makoloni ya Uingereza. Wajerumani, waliokuwa wakitawala huku, nao walitaka pamba yao kwa viwanda vyao. Kusini mwa nchi hii walilazimisha watu kulima mashamba ya pamba, na mwaka 1905 kule Umatumbini Vita vya Maji Maji vilianza kwa watu kung'oa miche ya pamba. Waliona wazi adui yao ameota shambani. Huku kwetu Usukumani pamba iliingia kwa njia ndefu zaidi. Reli ikafika Mwanza mwaka 1928. Kituo cha utafiti kikawekwa Ukiriguru, na mbegu zake zikasambaa wilaya zote. Baada ya vita vya pili zikaja amri: lima matuta hivi, ng'oa masalia kabla ya tarehe hii, punguza ng'ombe, lipa. Kwa kweli sehemu kubwa ya pamba ya Afrika Mashariki iliishia kwenye viwanda vya Bombay, lakini mipango, amri na bei vilitoka palepale kwa mtawala.

Bibi yangu mzaa mama alilima pamba Misungwi. Nimeketi naye wakati wa mavuno, nasema habari niliyoiona. Tumba la pamba likikauka, ncha zake huwa kali, na mchumaji asiye na subira hutoka damu chini ya kucha. Bibi alikuwa anaingiza vidole vitatu, anazungusha kidogo, anavuta, na pamba yote inatoka mara moja, haijagusa jani. Akifika nyumbani anaimwaga kwenye mkeka, anachambua: safi huku, fifi, ile ya daraja la chini, kule. Jani moja kavu likionekana kwenye safi, analitoa kwa kucha. Usiku, kwa mwanga wa koroboi, bado anachambua.

Halafu siku ya kuuza. Alinisimulia habari za zamani, za enzi ya mkoloni, jinsi mnunuzi alivyougeuzia uso wa mizani upande wake, akasoma namba mwenyewe, karani akaandika. Mkulima hakuiona ile namba. Na risiti ilipotoka iliandikwa jina la babu, ambaye msimu mzima ule alikuwa machimboni Geita na hakuchuma hata tumba moja. Nani alilima? Soma risiti, utasema ni babu. Waulize vidole vya bibi.

Wakulima hawakukaa kimya. Hili tuwaambie watoto wetu, maana ni fahari ya mkoa huu. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia ili mkulima ajue uzito wake. Kutoka kwenye ugomvi ule wa mizani vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, makao yake hapahapa Mwanza, kijana Paul Bomani akiwa mbele. Kikawa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima, na Bomani baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi. Mji huu una barabara iitwayo Pamba, una timu iitwayo Pamba, wana Lindanda tunaowashangilia. Jina la pamba lipo kila mahali. Majina ya waliochuma yako wapi?

Wakati mwingine naulizwa na wanafunzi, "Mwalimu, mbona kitenge tunakiita vazi la Kiafrika na kimeandikwa Holland pembeni?" Ni swali zuri. Waholanzi katika karne ya 19 waliiga kwa mashine ufundi wa batiki wa Java, huko Indonesia walikokuwa wakitawala, wakapata soko Afrika Magharibi, na soko hilo likakifanya kiwe chake. Yupo msanii mwingine, Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliyenunua vitenge hivyo sokoni Brixton, London, akavishonea suti za wakoloni. Mwaka 2003 aliweka masanamu 14 yasiyo na vichwa, yamevaa suti hizo, yamezunguka meza yenye ramani ya Afrika. Ni mkutano wa Berlin ule. Sisi tunaovuka ziwa hili lililokatwa kwa mstari wa digrii 1 kusini, Wajerumani huku na Waingereza kule, bila mvuvi yeyote kuulizwa, tunaielewa suti ile vizuri sana.

Himid naye alifika kwenye kitenge. Mwaka 2021, huko Lancashire, alichukua mita 400 za kitenge cha Kiholanzi akazitandaza ndani ya ghala kuukuu la mawe la karne ya 17, kazi iitwayo Lost Threads. Mita mia nne, mafundi! Hesabuni ni magauni mangapi. Hakukata hata moja. Akaviacha vipande vitiririke sakafuni na kupanda kwenye kuta, kama mito na bahari zilizobeba pamba, nyuzi na watu. Ghala limejaa mkondo wa rangi, na huwezi kupita bila kujiuliza mkondo huu ulianzia wapi.

Nitawaambia mmoja ulianzia wapi. Ulianzia Kwimba, Magu, Maswa, Bariadi. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilipoanza hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1960, pamba ya kwetu ilisokotwa, ikafumwa na kupakwa rangi palepale ilipochumwa. Humu ndani wamo wazee waliofanya kazi pale, naomba msimame. Wapigieni makofi, wapigieni tena. Viwanda vilipoyumba, wao ndio waliorudi nyumbani na ujuzi mikononi usio na mashine ya kuufanyia kazi. Leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii inapakiwa marobota na kuuzwa nje haijafumwa, na pale kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja tunainunua tena ikiwa shati lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Hilo linaniumiza, na nataka liwaume na ninyi.

Wahitimu, sikuja kuwaambia muache kushona sare za shule na magauni ya sendoff mkawe wasanii. Shoneni, mle, mlee wazazi wenu. Atakayetaka usanii, milango ipo, na mzaliwa wa Unguja ameipita. Nimekuja na ombi moja.

Ukuta wa nyuma mnaona kitambaa kimetundikwa. Ni pamba tupu, hakijatiwa rangi, na ni kirefu kuliko ukumbi, kingine kimekunjwa chini ya meza. Nataka tukijaze majina. Kila mhitimu aende kwa bibi, babu, shangazi, jirani, aliyelima pamba, aliyechambua jinari, aliyebeba marobota bandarini, aliyesimama kwenye mashine Mwatex, aliyeuza kanga Makoroboi. Umuulize jina alilopewa na mama yake, si la kwenye kitambulisho tu. Umuulize alikuwa anafanya nini. Umuulize kitu gani alichobaki nacho. Wazee wanatutoka, ndugu zangu, fanyeni haraka. Kisha mje tudarizi: mstari wa kwanza jina, wa pili kazi, wa tatu kile alichokitunza. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyesimama mlangoni. Asiyejua kudarizi atafundishwa na mwenzake, na asiyejua kuandika aseme, tutamwandikia chaki afuate kwa sindano.

Jina la bibi yangu nimeshalitia kwenye kona ya kushoto, uzi mwekundu, mje mlisome. Pembeni yake nimeacha nafasi ya Mubarak Bombay. Mahali pa jina la kwanza nimepaacha wazi.

Tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, humuhumu. Uzi upo wa rangi sita, sindano zipo, chai itakuwepo. Wazee wa Mwatex, ninyi mna viti vya mbele, maana kuna mambo ya mfumo na mtande sisi walimu wenyewe tunataka kuwauliza. Mwenye mtoto mchanga aje naye.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Namkaribisha mwenzangu wa habari za mikopo.